Rede, kombolela na mdako: kufunga mpira, kupima uwanja na kucheza bila ugomvi

Mtu mzima akishikwa na hamu ya rede, ule mchezo wa kulengana na kukwepa mpira, aghalabu huanzia dukani. Ananunua mpira wa tenisi au wa voliboli, anawaita watoto uani, na baada ya dakika kumi mchezo umekufa. Watoto hawana kosa. Mpira wa tenisi una gramu 58 hivi na unadunda: ukimkosa mtu unaishia kwa jirani, na nusu ya mchezo inakuwa safari za kuufuata. Wa voliboli una gramu 260 hadi 280. Ukimpata mtoto wa miaka saba mgongoni, anakaa chini kulia. Mpira wa rede uko katikati ya hiyo miwili, haudundi, na hauuzwi popote. Unafungwa kwa mkono.

Mengine yote yako hivyo hivyo. Wengi wanaikumbuka michezo hii kwa kelele zake na vumbi lake, lakini vipimo wamevisahau: umbali kati ya mstari na mstari, upana wa shimo, kopo linakaa wapi. Vipimo vikikosewa, watoto wanachoka haraka na mzee anabaki akilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajui kucheza.

Kanuni zilizo hapa ni za mitaa ya Tanzania. Kenya wana kati, ambayo ni jamaa wa rede, na brikicho, ndugu yake kombolela. Hata ndani ya mji mmoja, ukivuka barabara sheria zinabadilika, kwa hiyo msianze kabla hamjakubaliana.

Mpira wa rede

Tafuta soksi ndefu ya pamba iliyopotelewa na mwenzake. Hakuna nyumba isiyokuwa nayo. Tafuta na fulana kuukuu, uichane vipande virefu vya upana wa vidole viwili, kiasi cha gramu 90. Ongeza kipande cha sponji ya godoro kikubwa kama yai la kuku, sindano ya mkono na uzi mnene.

Sponji inakaa katikati. Izungushie vitambaa vikavu, ukigeuza mpira kila mzunguko kama mtu anayekunja uzi wa kufumia. Ukizungusha upande mmoja tu utapata umbo la muhogo, na muhogo ukirushwa unayumba. Mlengaji atalaumiwa kwa kosa la mfungaji. Kila baada ya mizunguko kumi, ubonyeze kati ya viganja viwili kisha uendelee. Ukifika ukubwa wa chungwa la wastani, yaani sentimita 7 hadi 8 kutoka upande mmoja hadi wa pili, acha.

Usukume mpaka kwenye ncha ya soksi. Sokota soksi shingoni mara mbili, igeuze irudi juu ya mpira, sokota tena, geuza tena. Soksi ndefu inatoa tabaka tatu au nne. Mdomo unaobaki ushonwe ulale bapa, usiupige fundo. Fundo ndilo linaloacha alama mwilini, na ndilo linalofumuka la kwanza.

Mpira uliokamilika uwe na gramu 120 hadi 150 kwenye mizani ya jikoni. Kama mizani hakuna, uangushe sakafuni kutoka usawa wa kifua. Ukiruka kupita kifundo cha mguu, sponji imezidi. Ukitua kwa kishindo kama jiwe, vitambaa vimekazwa mno: fungua, legeza, funga upya. Kipimo cha mwisho ni paja la aliyeufunga. Jipige nao kwa nguvu. Ukikunja uso, haujafaa kwa mtoto.

Usitie kokoto wala mchanga ndani ili uwe mzito. Karatasi tupu nazo ni za jioni moja tu, kwa sababu zikipata umande zinalainika na kesho yake zimekauka zikawa bonge gumu. Pamba nayo inakunywa maji: mpira ulioangukia dimbwini unaongezeka uzito papo hapo, na yule aliyekuwa anacheka akipigwa sasa anaguna. Uweke pembeni, uanikwe juani siku nzima, au baada ya siku tatu hakuna atakayetaka kuudaka kwa harufu yake.

Mpira wa chandimu, yaani kandanda ya mtaani, ni kazi nyingine

Hapa ushauri wa zamani umepitwa na wakati. Zamani ulikuwa unakusanya mifuko ya rambo, au juala kwa Wakenya, unaishindilia mmoja ndani ya mwingine na kufunga kamba. Rwanda iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Nailoni ilikuwa nzuri kwa sababu tatu: nyepesi, hainywi maji, na ikibonyezwa inarudi kidogo, hivyo mpira unapigika bila kuumiza kidole gumba. Mbadala wake lazima utoe hayo matatu.

Kinachokaribia zaidi ni vifungashio ambavyo bado vinaingia nyumbani: mifuko ya mkate na ya chumvi, pakiti za maziwa zilizooshwa na kukaushwa vizuri. Hivyo vikae ndani. Juu yake pita na vitambaa tabaka mbili, kisha kipande cha fulana kilichoshonwa kuvuta pande zote. Ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa inafaa kujazia tu. Ukiifanya ngozi ya nje, kamba inaikata kwenye mishono kabla ya mapumziko.

Kwa mpira wa kipenyo cha sentimita 18 utahitaji kamba ya mita 8 hadi 10. Anza na mizunguko inayopita juu na chini, yote ikikutana kwenye ncha mbili kama mistari ya tikiti maji. Katikati, nafasi kati ya kamba na kamba isizidi vidole vitatu. Baada ya hapo zungusha za kulala, na kila zinapokutana pitisha kamba chini ya mwenzake, uirudishe juu, uvute. Anayeruka makutano mawili matatu ili amalize haraka atauona mpira umetoa utumbo kwenye kona ya kwanza. Kamba ya katani inashika vizuri ila inachubua miguu mitupu; ya manila ni laini lakini inateleza, hivyo kila fundo lipigwe mara mbili.

Uwanja na mchezo wa rede

Chora mistari miwili inayotazamana. Kwa watoto wa miaka 7 hadi 9 acha hatua 8 za mtu mzima kati yake. Kwa wa miaka 10 na kuendelea, hatua 10 au 12. Pembeni weka mipaka kwa kandambili, upana wa hatua 4. Upana huu ndio unaosahaulika, na ndio unaoua mchezo. Uwanja usio na kingo unamruhusu mkwepaji kukimbilia kwenye mwembe wa jirani. Hapigwi mtu, na walengaji wanakata tamaa. Ukiubana chini ya hatua tatu, kila mtu anakufa mzunguko wa kwanza.

Katikati, weka chupa ya maji ya nusu lita, tupu, bila kifuniko, na rundo la mchanga mkavu pembeni yake. Mchanga uwe mkavu kweli. Ukiwa mbichi unakwama shingoni mwa chupa, mtoto anaanza kuupigapiga, na hapo ndipo anapopigwa yeye. Kama uwanja ni wa pevingi au lami, leta karai la mchanga, ila liwe la plastiki. La bati litakata ugoko wa mtu.

Kugawa timu, msiwaachie manahodha wateue mmoja mmoja, maana yule anayebaki mwisho siku zote ni yule yule na anajijua. Watoto wajipange wawili wawili kwa kimo na wepesi. Kila jozi inajitenga, inapeana majina ya siri, tuseme embe na fenesi, inarudi kwa nahodha: "Unataka embe au fenesi?" Nahodha anachagua bila kujua nani ni nani. Timu zinatoka sawa, na hakuna wa kununa.

Timu moja inalenga. Wawili wanasimama nyuma ya mistari, mmoja kila upande, na wenzao wanakaa nyuma yao kuokota mpira. Timu ya pili yote inaingia kati. Mpira unarushwa kutoka mstari mmoja hadi mwingine, ukimgusa mtu chini ya shingo amekufa, anatoka. Wa kichwa hauhesabiwi, na anayelenga kichwa makusudi anabadilishwa. Uliodunda chini kwanza nao hauhesabiwi.

Huku wanakwepa, walio kati wanajaza chupa kwa ngumi za mchanga. Mkono wa mtoto unabeba mchanga kidogo, na mwingi unamwagikia nje ya mdomo wa chupa, hivyo ni kazi ya safari nyingi. Mchanga ukifika mdomoni, aliyejaza anaumwaga wote, anaisimamisha chupa tupu na kupaza sauti: "Rede!" Timu yake inapata goli moja. Akimaliza kujaza lakini akapigwa kabla ya kumwaga, chupa inabaki na mchanga wake kwa anayefuata. Mitaa mingine, aliyeudaka mpira mikononi bila kuuangusha anarudisha mwenzake mmoja aliyekufa. Tunaipendekeza sheria hiyo, kwa sababu inawapa kazi watoto wasio na mbio lakini wenye mikono mizuri, na inawafanya walengaji wafikirie kabla ya kutupa.

Timu ikiisha, mnabadilishana. Mizunguko mitatu kila upande inatosha kwa jioni.

Kukwepa kuna fundi wake. Anayeanza hukimbia kwa mgongo. Hauoni mpira, anapigwa. Ageuke amtazame aliyeshika mpira, magoti yamelegea, na asiruke mpaka mkono wa mlengaji umepita sikio lake. Akiruka mapema, mlengaji mjanja anasubiri atue. Mlengaji naye asitafute kifua, kinachosogea kirahisi. Alenge nyonga: ndiyo sehemu ya mwili inayochelewa kuhama. Na njama ya zamani bado inafanya kazi, yaani kurusha mpira wa juu sana kwa mwenzako upande wa pili, ukapita vichwani mwao wote, kisha yeye aurudishe papo hapo kabla hawajageuka.

Ugomvi wa rede ni mmoja tu, "umenigusa nguo, si mwili." Amueni kabla: nguo ni mwili. Anayevaa gauni pana alikunje akalifunge kiunoni.

Kombolela

Mchezo huu wa kujificha na kutafutana unahitaji giza kidogo. Jioni, magharibi inapokaribia, ndio wakati wake. Saa nane mchana hakuna pa kujificha, na baada ya adhana ya magharibi mama zao wanaanza kuita majina kutoka mlangoni.

Teueni kituo: mti, nguzo au kona ya ukuta. Hatua mbili mbele yake chora duara, weka kopo katikati. Lile la maziwa ya unga ndilo la asili, lakini kingo zake zinakata vidole vya miguu. Chupa ya plastiki yenye mchanga mpaka theluthi moja inasimama vizuri, na ikipigwa teke inakwenda mbali bila kumjeruhi mtu.

Mfumbaji anaegemea kituo, anafumba macho, anahesabu mpaka 30. Wengine wanatawanyika. Akimaliza anauliza "Tayari?" na kama yupo anayejibu "Bado!" anaongeza kumi. Kila anayemwona lazima amtaje kwa jina na mahali alipo, "Asha nyuma ya pipa!", kisha akimbilie kopo na kuligusa kabla ya Asha. Akiwahi, Asha ni mateka na anasimama kituoni. Asha akiwahi, analipiga teke.

Kopo likipigwa, mateka wote wako huru na wanakimbia upya. Mfumbaji haruhusiwi kumtaja mtu mpaka alifuate kopo, alisimamishe ndani ya duara. Ndiyo kukomboa, na jina la mchezo linasikika humo humo. Hata aliyebaki peke yake vichakani ana thamani kuliko wote, kwa kuwa ndiye anayesubiriwa na mateka kumi.

Kasoro kubwa ni mfumbaji anayelala juu ya kopo. Anazunguka hatua mbili, anarudi, na mchezo umeganda. Dawa yake ni duara la pili, hatua tano kutoka kwenye kopo, ambalo haruhusiwi kuwa ndani yake isipokuwa anakimbia kumgusia mtu aliyemtaja. Kasoro ya pili ni mipaka: tajeni kwa sauti mwisho wa kujificha ni wapi, nguzo ya umeme ipi, duka lipi. Na tajeni marufuku: ndani ya nyumba za watu, chini ya gari, karibu na kisima au shimo la choo lisilofunikwa. Friji mbovu iliyotupwa uani igeuziwe mlango ukutani kabla mchezo haujaanza, au mlango ung'olewe kabisa.

Kubadilishana mashati vichakani ni halali. Mfumbaji akiona shati la Juma na kumtaja Juma, kumbe ndani yuko Saidi, amekosea na anarudi kufumba tangu moja. Ni hila tamu kuliko zote katika mchezo huu, na watoto wakiifahamu hawalali.

Mdako

Huu ni mchezo wa vijiwe, wa kukaa, watu wawili hadi wanne, na unafaa mchana wa jua kali chini ya mti. Chimba kishimo cha bakuli: upana wa sentimita 15, kina cha sentimita 4, kingo zimelainishwa kwa kiganja na maji kidogo. Kikiwa chembamba vidole vinagongana. Kikiwa na kina kirefu, vijiwe vinagoma kutoka. Udongo wa kichanga unaporomoka, hivyo ukandike kwa udongo mwekundu uliolowa na usubiri ukauke.

Tia vijiwe 12 vya ukubwa wa karanga, vya duara duara. Kumi na viwili si kwa bahati: vinagawanyika kwa moja, mbili, tatu, nne na sita bila kubaki. Ukiweka kumi, duru ya tatu tatu inaacha kimoja na ugomvi unaanza. Jiwe la kurusha liwe kubwa kidogo, kama ndimu changa, na lenye rangi tofauti.

Rusha jiwe juu kwa mkono wa kulia. Likiwa hewani, kwa mkono ule ule zoa vijiwe vyote vitoke shimoni, kisha ulidake. Rusha tena, na safari hii virudishe vyote ndani ukibakiza kimoja nje, daka. Hicho ni chako, kiweke pembeni. Endelea hivyo mpaka shimo liishe. Hiyo ni duru ya moja moja. Inayofuata unabakiza viwili, kisha vitatu, vinne, sita. Ukikosa kudaka, ukibakiza pungufu au zaidi, unampisha mwenzako na utakapopata zamu unaanzia duru uliyokwama.

Wanaoanza wanadhani siri ni kurusha juu sana. Hesabu inawakataa. Jiwe likipanda nusu mita linakupa kama sekunde 0.6 kabla halijarudi mkononi. Likipanda mita nzima linakupa sekunde 0.9 tu, wala si mara mbili, na litaangukia mbali na wewe. Rusha lifike usawa wa macho, lipande wima, na ufanye haraka kwa mkono. Macho yafuate jiwe. Vijiwe vipapase kwa vidole, na ndiyo maana umbo la shimo lina maana: mkono ulioukariri ukingo hauhitaji kuangalia. Kusukuma vijiwe vyote nje kwa upande wa kiganja ni rahisi. Kazi iko kwenye kurudisha, ambako kidole cha shahada kinatenga vinavyobaki huku vitatu vingine vinakokota. Fanya zoezi hilo bila kurusha, mara 20, kabla ya kuingia mchezoni.

Mwenye haraka huwa anaweka punje za mahindi badala ya vijiwe. Ni nyepesi, zinatawanyika, na ukimwangalia mwenzako akirusha, kuku ameshakula duru ya nne nne.